Mtafute Asiye na Mgeni: Jinsi ya Kukagua Makao ya Wazee Kabla ya Kumpeleka Mzazi Wako

Baba yangu alikuwa fundi wa reli hapa Nakuru kwa miaka mingi. Alipopata kiharusi, upande wake wote wa kushoto ulipooza, na haikupita miezi mingi akaanza kusahau. Sisi watoto tuko watatu: mmoja Doha, mmoja Kisumu, na mimi niliyebaki Nakuru na kazi ya zamu na watoto wadogo. Mke wa kaka yangu alijitolea kumtunza, lakini kwetu mkaza mwana hamwogeshi baba mkwe wake, na hakuna aliyetaka kumtia katika aibu hiyo. Tukampeleka kwenye makao ya wazee nje kidogo ya mji. Ukaguzi wetu ulikuwa wa nusu saa. Tuliona maua getini, vigae vinavyong'aa na shuka nyeupe, tukatoa pesa. Baada ya miezi minne tulimtoa akiwa amepungua kilo nane, na ana kidonda kwenye kisigino ambacho hakuna mtu aliyetutajia.

Baadaye nilizunguka makao kadhaa kati ya Nakuru na Kisumu, safari hii nikiwa na daftari, mpaka nikapata mahali alipoishi vizuri kwa miaka miwili hadi alipofariki. Ninayoandika hapa niliyapata kwenye mizunguko hiyo.

Jambo moja la lugha kabla hatujaanza. Kwetu Kenya ukiuliza "nasingi homu" utaelekezwa kwenye hospitali ndogo ya kibinafsi, mara nyingi ya akina mama kujifungua. Unachotafuta ni makao ya wazee, na uulize waziwazi kama wanapokea mzee asiyejiweza, kwa sababu yapo yanayopokea tu wale wanaotembea na kula wenyewe.

Na kuna jamaa watakaosema mmemtupa mzee. Msibishane nao sana. Nimewaona wazee waliotupwa ndani ya boma zao wenyewe, wakifungiwa nyumba asubuhi na kufunguliwa jioni watu wakitoka kazini.

Anza na mzee mwenyewe

Kabla ya kupiga simu popote, kaa na mzazi wako siku nzima na usiku mmoja. Andika anayoweza na asiyoweza: kula, kuvaa, kwenda choo, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kujigeuza akiwa amelala. Andika dawa zote, kiasi na saa. Mpime kilo, kwa sababu bila kujua alikuwa na kilo ngapi siku ya kuingia, hutaweza kumwambia mtu yeyote kwamba amekonda.

Kisha andika mazoea yake. Hili sisi hatukulifanya na lilimgharimu Baba. Miaka yote ya reli alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kwa zamu, akikaa kitandani na kutafuta viatu. Kule makaoni hawakujua. Waliandika kwamba anasumbua usiku, wakaanza kumpa dawa ya usingizi. Mchana nikimtembelea nilimkuta anasinzia juu ya sahani, nikadhani ni ugonjwa umezidi.

Makao mazuri yatataka kuyajua haya yote kabla ya kukutajia bei, na mara nyingi muuguzi atataka kuja kumwona mzee nyumbani au hospitalini. Yakimkubali kwa simu, bila swali, usiendelee nayo.

Karatasi

Uliza makao yamesajiliwa kwa jina gani na chini ya nani, uombe kuona cheti chenyewe. Pitia kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo uulize kama anayajua na kama amewahi kuyatembelea. Ikiwa wanasema wanatibu, yaani wanadunga sindano na kuweka dripu, waulize leseni ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na vituo vya afya. Muuguzi anapaswa kuwa na leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Chukua jina na nambari yake ya usajili uitafute kwenye tovuti ya baraza. Wapishi wawe na vyeti vya afya kutoka kwa maafisa wa afya ya umma.

Ukikosa kuonyeshwa karatasi, ondoka. Ukionyeshwa zote, usitulie bado, maana cheti hakimgeuzi mtu kitandani.

Nenda mara mbili

Mara ya kwanza nenda kwa miadi. Utaonyeshwa ofisi na chumba kizuri kuliko vyote, na utakaribishwa chai. Uliza mambo ya pesa, sikiliza kwa adabu, rudi nyumbani.

Mara ya pili usimwambie mtu. Saa zinazosema kweli ni saa moja asubuhi, wakati wa kuoga na kunywa uji. Jumapili alasiri, wakati wakubwa wako kwao. Na saa kumi na mbili na nusu jioni, zamu ya mchana inapoondoka. Ukizuiwa getini, uliza kwa upole ni kwa nini. Ziko sababu za haki: pengine wazee wanaogeshwa, pengine kuna mgonjwa. Mwenye sababu ya haki atakwambia, "Keti hapo kivulini nusu saa, utaingia." Anayekwambia huwezi kuingia mpaka mwenye makao awepo, mshukuru, uende zako.

Ukiwa ndani, hesabu watu. Usiulize mna wahudumu wangapi, kwa sababu utatajiwa walioajiriwa wote, pamoja na aliye likizoni na anayekata nyasi. Uliza: leo usiku analala nani hapa akiwa macho? Kisha piga hesabu hii. Kumgeuza mtu mzima asiyejiweza, kumfuta, kumbadilisha daipa na kumtandikia upya huchukua dakika 10 kwa mkono mwepesi. Asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Wakiwa 12 kwa mhudumu mmoja, dakika 120 zimekwisha na zamu ya wa kwanza imefika tena. Hapo hajampeleka mtu choo, hajampa mtu maji, hajaketi. Tena mwili mzito huinuliwa na watu wawili. Kwa hiyo ukiambiwa mhudumu mmoja huangalia wazee 15 usiku kucha na wote wanageuzwa, unajua tayari kwamba hawageuzwi. Huyo mhudumu si lazima awe mtu mbaya. Amepewa kazi isiyowezekana, na mwili wa mzazi wako ndio utakaolipa.

Mtafute asiye na mgeni

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi.

Katika kila makao kuna mzee ambaye hakuna anayemjia. Pengine watoto walitangulia kufa, pengine aliletwa na chifu au na kanisa. Kitabu cha wageni kitamwonyesha, na soja wa getini anamjua kwa jina. Mtafute, umsalimie, uombe ruhusa ya kuketi karibu naye. Usimhoji, wala usimpige picha. Keti tu naye robo saa.

Tazama kucha za mikono na za miguu. Kucha za miguu zilizojikunja hazikuota jana. Tazama midomo: mzee asiyenyweshwa maji ya kutosha midomo yake hukauka na kupasuka, na ulimi huwa mkavu. Tazama pembe za macho, kama zimefutwa leo. Tazama suruali kama ni yake au imetolewa kwenye rundo la wote, ikafungwa kwa kamba. Ana miwani? Iko safi? Kama ana meno ya bandia, yako mdomoni au yako kwenye kikombe tangu wiki jana? Mhudumu anapopita, je, humgusa bega na kusema neno, au humzunguka kama anavyozunguka kiti?

Mwenye jamaa wanaokuja kila Jumamosi huogeshwa vizuri Ijumaa. Hilo hata makao dhaifu yanaliweza. Lakini mtazame yule asiye na wa kumlalamikia, kwa sababu hivyo ndivyo mzazi wako atakavyotunzwa baada ya miezi sita, wakati ninyi mtakapokuwa mmechoka, nauli imepanda na zamu za kumtembelea zimeanza kurukwa.

Katika yale makao ya kwanza alikuwepo mzee wa namna hiyo. Siku ya kwanza kabisa nilimwona dirishani, kucha ndefu, kaptura imelowa. Nikajiambia masikini huyu hana watu, nikapita kwenda kutazama chumba cha Baba.

Pua na mikono

Harufu ya mkojo kwenye kitanda kimoja si kosa. Watu wazima nao hukojoa, na pengine mhudumu yuko njiani na shuka. Harufu iliyo kwenye ukumbi, kwenye makochi na ukutani ni ya miezi. Jihadhari pia na harufu kali ya dawa ya kuoshea saa ile ile unapofika, kama nyumba nzima imemwagiwa kwa ajili yako.

Omba kugusa godoro chini ya shuka. Linapaswa kuwa na kifuniko cha plastiki kisichopasuka, na liwe kavu. Kwa mzee asiyejigeuza, uliza kama wana godoro la hewa au wanategemea sponji tu. Sukuma vitasa, shika vyuma vya chooni, uone kama vinabeba uzito. Tembea bafuni ukiwa umevaa soksi: ukiteleza wewe, yeye ataanguka. Tazama kama kuna taa kati ya kitanda na choo usiku, na kama kengele ya kuitia mtu iko karibu na mkono unaofanya kazi.

Jambo la mkono linaloshika halizungumzwi sana. Baba alipooza kushoto, na kwa wiki kadhaa kikombe chake cha maji kiliwekwa kwenye meza ya kushoto. Kilikuwa kimejaa kila nilipofika. Nilikuwa nikifurahi kwamba wanamjazia maji.

Sikiliza wanavyosema

Kaa mahali unaposikia bila kuonekana sana, usikilize ngeli. Mhudumu akisema "shosho huyu hajala bado", ni sawa. Akisema "haka kazee kanasumbua", tena mbele ya mwenyewe, ameshamtoa kwenye ngeli ya watu. Sikiliza kama wanawaita kwa majina na heshima zao, Mzee fulani, Mama nani, Jaduong', Kukhu, Guka, au kwa nambari za vitanda.

Halafu uliza lugha. Mtu anayesahau hurudi nyuma, na Kiswahili alichojifunzia kazini kinaweza kuondoka kabla ya lugha ya mama yake. Baba alizungumza Kiswahili cha stesheni maisha yake yote, lakini mwishoni alibaki na Kijaluo. Alikuwa akisema "pi", yaani maji. Mhudumu wake, kijana mwema tu kutoka upande wa pili wa nchi, alisikia "pee" ya Kiingereza, kama mtu anayetaka kwenda kukojoa, akawa anamletea poti. Mzee anaomba maji, analetewa poti, anakasirika, anaitupa, na kwenye kitabu kunaandikwa kwamba ana hasira. Nilikuja kulijua hilo kwa bahati, nikiwa nimeketi pale.

Kwa hiyo uliza: zamu ya usiku kuna nani anayejua Kijaluo, au Kiluhya, au Kikalenjin, au lugha yoyote ya mzazi wako? Kama hayupo, waandikie maneno 20 kwenye karatasi kubwa na uibandike juu ya kitanda: maji, choo, njaa, baridi, naumwa, kichwa, tumbo, mwanangu yuko wapi. Makao tuliyomhamishia Baba waliiomba wenyewe hiyo karatasi.

Uliza pia nani huwaogesha wanaume na nani wanawake, na kama mlango hufungwa. Nimeona mahali ambapo akina mama wanaogeshwa mstari mmoja, wazi. Hapo sikuuliza swali jingine.

Meza ya chakula

Fika wakati wa chakula cha mchana na usiondoke mpaka sahani zikusanywe. Kilichoandikwa kwenye karatasi ya ratiba hakina maana kama hukukiona mezani. Ugali mgumu na omena wenye miiba vinampendeza mzee mwenye meno. Asiye na meno atarudisha sahani ilivyo, na jioni watasema amekataa kula. Tazama kama kuna anayesagiwa, anayechambuliwa samaki, anayepewa mrenda au mboga laini, uji mzito, ndizi, parachichi.

Tazama kulisha kwenyewe. Mhudumu ameketi, au amesimama juu ya mzee akimpakia vijiko? Analisha mmoja, au watatu kwa kijiko kinachozunguka? Mtu aliyepata kiharusi alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, na abaki wima kama nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa kama ina maji kooni, chakula kinaingia njia ya hewa, na hapo ndipo nimonia huanzia. Waulize wanafanya nini wakiona hivyo. Jibu zuri ni kwamba wanasimamisha kulisha na kumwita muuguzi au daktari. Jibu baya ni "huyo hukohoa tu".

Uliza kama huwapima kilo kila mwezi, na uombe kuona daftari la mizani. Mzee wa kilo 60 akipungua kilo tatu kwa mwezi mmoja, hiyo ni sehemu tano kwa mia ya mwili wake, na daktari anapaswa kujua wiki hiyo hiyo.

Dawa, kamba na usingizi

Omba kuona kabati la dawa na karatasi ambako hutiwa sahihi kila dawa inapotolewa. Kabati lifungwe. Kila mzee awe na boksi lenye jina lake, si mfuko mmoja wa presha wa watu wote. Sahihi itiwe baada ya mzee kumeza. Ukikuta karatasi ya leo imeshajazwa sahihi za jioni, na wewe umefika saa nne asubuhi, funga daftari lako. Kama mzazi wako ana sukari na hutumia insulini, uliza inawekwa wapi stima ikipotea, na uji hutolewa dakika ngapi baada ya sindano. Insulini bila chakula inaweza kumwangusha mtu na kumuua.

Uliza moja kwa moja: mzee akizurura usiku, mnamfanyaje? Usiwape jibu mdomoni. Wanaojua kazi watakwambia wanamtembeza, wanamwangalia kama ana njaa, amelowa au anaumwa, wana ua uliofungwa anakoweza kutembea bila kupotea. Wengine watasema humfunga kidogo kwenye kiti kwa leso ili asianguke, au "kuna dawa tunampa". Kumfunga hakumzuii kuanguka. Huanguka na kiti. Dawa ya usingizi humfanya ayumbe, asile, akojoe kitandani, na alale upande mmoja mpaka ngozi ife. Isitolewe bila daktari aliyeiandika, sababu iliyoandikwa, na familia kuambiwa.

Hali ya hewa ya mahali

Hapa Nakuru usiku wa Julai ni baridi, na mzee aliyekonda hana kinachomkinga. Hesabu mablanketi, uliza kama kuna maji ya moto ya kuogea kila siku, na uhakikishe hakuna anayeingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Moshi wake usioonekana umeua familia nzima zikiwa usingizini. Kisumu ni joto na mbu: kila kitanda kiwe na neti isiyotoboka, na wazee wanyweshwe maji mara nyingi kuliko wanavyoomba, kwa kuwa mzee huweza kukauka mwili bila kuhisi kiu.

Usiku wa dharura, na pesa

Uliza: saa nane usiku mzee akishindwa kupumua, nani anaamua, gari liko wapi, mnakwenda hospitali gani? Kisumu wengi watakwambia Russia, yaani Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Nakuru watasema PGH, yaani hospitali kuu ya rufaa ya kaunti. Taja barabara na uulize inachukua muda gani mvua ikinyesha. Uliza kama wanaweza kumpeleka kwanza kisha wakupigie, au lazima wasubiri utume pesa. Hakikisha mzee amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na michango yake imelipwa, usije ukaanza kuhangaika na simu ukiwa dirishani pa kulipia.

Kuhusu ada, uliza kilicho ndani na kilicho nje. Daipa, glavu, dawa, mazoezi ya viungo, kunyolewa, nauli ya hospitali: hivi ndivyo huongeza bili maradufu. Bei ya kila kimoja iandikwe kwenye mkataba, pamoja na siku za ilani ukitaka kumtoa na kama amana hurudishwa. Lipa kwa njia inayoacha risiti, kwa jina la makao, kamwe si kwa nambari ya simu ya mtu.

Kitambulisho cha mzee, simu yake na namba yake ya siri ya M-Pesa vibaki na familia. Makao yapewe nakala tu. Kama anapokea pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, kubalianeni kwa maandishi zinakwenda wapi. Na asiwekwe kidole gumba kwenye karatasi yoyote bila mmoja wenu kuwepo. Ninasema hivi nikiwafikiria pia jamaa, maana si makao pekee yanayotamani shamba la mzee.

Mwezi wa kwanza

Ukimpeleka, kazi ya kukagua ndiyo inaanza. Sisi mara ya pili tuligawana: dada wa Kisumu Jumatano jioni, mimi Jumapili bila saa maalumu, kaka wa Doha simu ya video siku nyingine, kila mara saa tofauti. Tuliweka daftari la shule kando ya kitanda, kila anayekuja anaandika alichokiona, na wahudumu nao wakaanza kuandika humo.

Kila ukienda, omba umbadilishe nguo mwenyewe, au umpake mafuta. Hiyo ndiyo njia isiyomwaibisha mtu ya kuona ngozi. Tazama visigino, vifundo vya miguu, nyonga, mfupa wa chini ya mgongo, viwiko, na nyuma ya masikio. Bonyeza kwa kidole mahali palipobadilika rangi, uachilie. Kama rangi haibadiliki ukibonyeza, au pana joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida, kidonda cha kulalia kinaanza hapo ingawa ngozi haijapasuka. Kwa ngozi nyeusi kama zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo linganisha na upande wa pili na uamini vidole vyako. Mwambie muuguzi hapo hapo, uandike tarehe.

Hesabu vidonge. Kama uliacha 60 vya kumeza viwili kwa siku, baada ya siku 20 vinapaswa kubaki 20. Vikiwa 34, kuna siku hakumeza.

Na upitie kwa yule asiye na mgeni. Mpelekee ndizi, kama anaruhusiwa. Akianza kudhoofika, utajua zamu zimepunguzwa kabla hujaambiwa.

Ukiona mabaya

Kosa dogo, kama nguo zilizobadilishana, lizungumze na matroni kwa upole; hawa watu wanafanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo, na shukrani inawafikia mara chache sana. Kosa kubwa liandike kwa barua yenye tarehe, ubaki na nakala. Usipojibiwa, nenda kwa afisa wa afya ya umma na afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Kupigwa, kufungwa, kunyimwa chakula au kuguswa vibaya ni mambo ya polisi siku hiyo hiyo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu aliyefika miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na serikali. Kitaje kwenye barua yako.

Usiwatishe kwamba utamhamisha kabla hujapata pa kumpeleka. Ukishapata, mtoe mchana, mkiwa wawili. Chukua karatasi ya dawa au nakala yake, dawa zilizobaki, kadi zote za hospitali, miwani, meno, nguo. Mpige picha za ngozi mbele ya muuguzi wao. Kisha mpitishe hospitalini kabla ya kumfikisha makao mapya, apimwe na kila kitu kiandikwe na mtu asiye upande wowote.

Sisi tulifanya hivyo kwa ushauri wa dereva wa teksi, si kwa akili zetu. Muuguzi wa zamu alimweka Baba kitandani, akamvua soksi ya kushoto, akanyamaza, halafu akaniita nije nitazame. Soksi yenyewe ilikuwa safi, imetoka kufuliwa. Kisigino kilichukua miezi mitatu kupona.